Vita vya Soksi

Gaspard alipohamia ng'ambo, mtaa wa Parkdale, kutoka Uvira, mzigo wake mkubwa ulikuwa vikaragosi saba vya mbao, kila kimoja na fimbo ya chuma iliyopenya kichwani na nyingine mkononi. Padri mmoja Mwitalia ndiye aliyemfundisha kuvichonga na kuvivisha mavazi ya vita ya mabati. Mikono inaviongoza, alimwambia, lakini uhai wavyo ni mguu wako: askari akipiga hatua, wewe nyuma ya pazia unakanyaga ubao. Bila kishindo, askari hatembei. Anaelea tu kama shati kwenye kamba.

Basi mtu na kazi yake hiyo akapewa nyumba ghorofa ya tano! Mama wa ghorofa ya nne akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Ikaja barua, ikaja ya pili, na hiyo ikasema ya tatu itakuwa ya kuhama. Gaspard akavaa soksi. Miaka sita askari wake wakapigana kimya.

Mwaka huu goti lake limekwisha. Daktari hakumung'unya maneno: kukanyaga, basi. Amebaki na mjukuu wake, Aurore, wa miaka kumi na mmoja, anayesikia Kiswahili chote na kujibu Kiingereza. Alimfundisha sebuleni majira yote ya baridi, na kila mguu ulipomteleza mtoto, babu alimkumbusha, "Polepole, mama. Iko mutu chini." Mtoto ana mikono, jamani! Kikaragosi chake kikiinamisha kichwa, unakionea huruma. Gaspard alijawa na furaha. Kishindo ataongeza siku ya onyesho, aliwaza.

Onyesho likawa kanisani, Jumamosi mchana, kwenye jukwaa la mbao lenye uwazi chini. Aurore akavua viatu, akavipanga pembeni, akashika fimbo. Askari wakakabiliana, panga zikagongana, lakini haikusikika hatua hata moja. Watu wakaanza kuzungumza mambo yao.

"Kanyaga, mama!" Gaspard alinong'ona nyuma ya pazia. "Kanyaga nguvu!"

Mguu ukainuka, ukashuka taratibu, vidole kwanza. Aurore alijaribu tena. Ulishuka vilevile.

Gaspard hakuvumilia. Akainua goti lake bovu, akakanyaga mara moja tu. Maumivu yalimpanda hadi kiunoni, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Aurore alishtuka, akaweka kidole mdomoni.

"Polepole, Babu," alisema bila kufikiri. "Iko mutu chini."

Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu kwa Kiswahili.