Kitambaa Cheupe Kwenye Picha

Ninavyowasimulia haya, uso bado unaniwaka. Hapa Guangzhou mimi ni mkalimani wa wafanyabiashara wetu, na nilijizoesha kuamini kwamba mkalimani hakosi jibu.

Juzi nilimpeleka Bi Zuhura, mteja wangu wa Unguja, kwa mchoraji mmoja, bibi mzee wa Kichina, hapa mtaa wa Xiaobei. Mteja wangu alikuwa akitafuta picha ya kutundika kwenye mapokezi ya hoteli yake. Akaipenda moja kubwa, ya rangi, iliyobandikwa kitambaa cheupe na karatasi za dhahabu zilizoungua.

“Maana yake nini?” akaniuliza.

Kumuuliza mchoraji niliona ni kujishusha. “Kitambaa ni shela la bibi harusi,” nikasema. “Karatasi ni utajiri. Baraka tupu!”

Bi Zuhura akapiga kigelegele.

Yule mchoraji akaweka brashi chini. “Mwanangu,” akasema kwa Kiswahili, “nilitibu wagonjwa Dodoma miaka minne. Karatasi hizo tunawachomea wafu. Kitambaa nilifungwa kichwani nikiwa mtoto, tulipomzika mama, mwaka wa njaa.”

Bi Zuhura alinipita bila kunitazama, akamshika mikono. “Pole, dada yangu.”

Wakaketi kuzungumza. Mimi sikuambiwa niketi.