Duka la Shangazi Mtandaoni

Shangazi yangu ana duka Lundo, kando ya ziwa, na ndani yake hamna kitu. Nasema hivyo kwa upendo. Kuna chumvi, sabuni, viberiti na ndala chache. Lakini ukimwuliza sufuria ya shughuli, atakujibu, "Ipo, kaa kidogo," atakusogezea kigoda, atatokea mlango wa nyuma na kurudi nayo kutoka kwa jirani. Jirani naye akiulizwa sabuni, hufanya hivyo hivyo. Fahari ya shangazi ni hiyo moja: mteja haondoki kwake bila alichofuata.

Mimi, fundi wa kompyuta kutoka Mbinga mjini, nikaona nimtangaze. Nikamwekea kanzidata kwenye simu: piga picha ya bidhaa, andika jina. Programu yangu inasoma kila bidhaa na kuipikia, yaani kuitengenezea, ukurasa wake wa mtandaoni, na ukurasa hubaki ulivyo mpaka nipike tena. Hata mtandao wetu wa kusuasua unaufungua. Nilijiona bingwa.

Shangazi aliandika kwa bidii ya kutisha. Majembe, nyavu, mabati, magunia ya usipa, wale dagaa wa ziwani kwetu. Kwake huo haukuwa uongo hata kidogo: vyote vipo, ni suala la kutoka nje tu. Kila ukurasa ukawa na jina la duka lake juu, kwa herufi nilizozichagua mimi kwa mbwembwe.

Nilikuwa nimemtembelea alipoingia mama mmoja kutoka Mapera, anayemwoza binti yake.

"Shikamoo, mama. Nimefuata hii sufuria kubwa," alisema, akionyesha simu. "Na usipa."

"Marahaba, mwanangu. Vipo, kaa kidogo."

Akatokea nyuma. Jirani, kumbe, alikuwa amezipitia kurasa zangu zote. Sauti yake tuliisikia vizuri kupitia mabati: "Sufuria yangu imeandikwa jina lako dunia nzima, dada. Kaichukue hukohuko kwenye simu."

Shangazi akarudi mikono mitupu, kitenge kimemlegea kiunoni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mgeni alikuwa mtu wa adabu, hakupandisha sauti. Aliuliza tu, taratibu:

"Sasa mama, wewe hasa unauza nini?"

Shangazi akageuka, akazitazama rafu zake. Akahesabu kwa vidole: chumvi, sabuni, viberiti, ndala; kidole cha tano kikakosa kazi.