Neno Nililomfundisha Seta

Nilipostaafu kazi ya kufua mashuka ya hospitali huku Marekani, mimi na mke wangu tuliondoka Hyattsville tukahamia Manassas kwa binti yetu. Nyumba yake ni ya mwisho mtaani. Nyuma kuna uzio wa mbao, na nyuma ya uzio ni shamba la jirani, Mmarekani wa rika langu anayezalisha mbwa wa kuwinda ndege. Ni aina wanayoiita seta, wenye manyoya marefu meupe yaliyonyunyiziwa madoa.

Seta hamkamati ndege. Akinusa kware majanini husimama ghafla, mguu mmoja juu, pua ikielekea walipojificha, na hatoki hapo mpaka mwindaji afike, awarushe mwenyewe na kufyatua bunduki. Ndipo mbwa hupewa ruhusa ya kwenda kuokota. Anayekurupuka kabla ya ruhusa huwatimua kware wote, na mwindaji hana haja naye.

Mwaka ule jirani alikuwa ametoka kupasuliwa goti. Aliniona nikitembea kila siku baada ya sala ya alfajiri, akaniomba nimfundishie jike mmoja mchanga. Alikuwa wa mwisho katika ukoo alioulea miaka thelathini. Mama yake alikuwa amekufa, na ndugu zake wote walikwisha gawiwa watu.

"Asiposimama imara kabla majani hayajaisha mitini, simzalishi," alisema, macho yake yakiwa kwa mbwa. "Nitampeleka Arlington kwa dada yangu akalale kwenye kochi. Ukoo utaishia hapo."

Sisi watu wa pwani tunafuata madhehebu ya Shafii, na kwetu mate ya mbwa ni najisi: yakikugusa, unaosha mara saba, mara moja kwa udongo. Lakini mbwa wa kuwindia ameruhusiwa. Nilikuwa nimeusoma mlango wa uwindaji katika kitabu cha fiqhi kwa sheikh wangu nikiwa kijana, katika darasa ambalo hapakuwa na hata mmoja wetu aliyemiliki mbwa. Sharti ni kwamba akitumwa aende, akizuiwa asimame, alichokishika asikile. Na ni suna anayemtuma ataje jina la Mungu anapomwachia. Nilimshukuru Mola kwamba elimu ile, baada ya miaka hamsini, imepata kazi.

Mke wangu aliweka ndoo ya udongo kwenye mlango wa nyuma.

"Simama hapo hapo. Usiniletee mbwa ndani."

"Mbwa amebaki kwao, bibi. Nimekuja mimi."

"Macho yangu yananiambia hivyo. Pua yangu inakataa."

Kisha akanimiminia maji huku akihesabu kwa sauti, mpaka saba, asije akapunjwa hata moja.

Tulianza na bawa la kware lililofungwa kwenye ufito wa kuvulia samaki. Nililitupa majanini, naye akajifunza kulitazama bila kulirukia. Baadaye tukatumia njiwa hai ndani ya tundu. Nilimshika kwa kamba ndefu na kumwambia "Tulia." Akitulia, nilimfungulia njiwa akaruka, nikahesabu pumzi kumi, kisha nikalegeza kamba na kusema "Bismillahi," naye akaondoka kama upepo. Masika yote na kiangazi chote tulifanya hivyo, na kila siku nilirudi ndooni nikiwa na furaha.

Mwanzoni mwa vuli jirani alikuja na bunduki kumjaribu. Jike alinusa, akasimama. Uzuri wake siwezi kuueleza. Hata ncha ya mkia haikutikisika. Jirani akapita mbele yake polepole kwa lile goti lake, akainua bunduki. Nami nikasema taratibu, "Bismillahi," maana palikuwa na ndege wa kuchinjwa na nilikwisha ahidiwa sehemu yangu.

Jike akaruka. Kware wakatawanyika pande zote, hakuna risasi iliyopigwa.

Tukajaribu upande wa pili wa shamba. Ikawa vile vile.

"Ana haraka," jirani alisema. "Mama yake hakuwa hivi." Akaondoa risasi kwenye bunduki, moja moja, na nilijua anafikiria kochi la Arlington.

Tukarudi kwenye gari lake. Jike akalala kivulini, ulimi nje. Mke wangu alikuwa amenifungia chapati na chupa ya chai ya tangawizi. Nikamimina vikombe viwili, nikampa jirani kimoja, nikanyanyua changu na kusema, "Bismillahi."

Jike aliinuka na kutimka shambani hata hatukumwona tena ila mkia juu ya majani.

Jirani aliutazama mkia ule, kisha akanitazama mimi. "Mzee," aliniuliza, kwa jina alilozoea kuniita, "umesema nini?"

Nilikiweka kikombe chini. Ningeweza kunyamaza, na mnyama angebeba lawama yangu. Nikamweleza yote: sheikh, sharti, kamba, neno. "Mbwa wako ametii kila mara. Aliyekosea ni mimi."

"Basi usiliseme."

"Siwezi. Nikila nalisema, nikifunga viatu nalisema."

Alicheka mpaka akamwaga chai. "Una muda mpaka majani yaishe," akasema.

Nikanunua filimbi. Ruhusa sasa ikawa ni filimbi, na jina la Mungu nikalirudisha mwanzo kabisa, kabla hatujatoka bandani. Kisha, kila aliposimama mbele ya njiwa, nilisema "Bismillahi" na kuikaza kamba. Akiruka, namrudisha pale pale alipokuwa. Siku za kwanza alinitazama kama mtu aliyedanganywa, nami niliona haya. Sikumpigia kelele hata mara moja. Darasa lilikuwa la wote wawili.

Mke wangu alitusikia kutoka upande wa pili wa uzio. "Leo umeisema mara ngapi? Malaika wa kuume mkono umemuuma kwa kuandika!"

"Na bado," nilimjibu.

Mialoni ilipobakiwa na majani machache, jirani alirudi na bunduki. Jike akasimama kando ya vichaka vya miiba. Nilinyamaza. Filimbi ilikuwa mkononi na jasho lilinitoka ingawa palikuwa na baridi. Jirani akapiga hatua tatu, akasimama, akageuza kichwa kumtazama mbwa. Ndipo akasema yeye mwenyewe, kwa sauti kubwa na ulimi mzito:

"Bismillahi."

Mkia ulitetemeka. Mguu ulioinuliwa ukashuka kidogo, ukapanda tena. Hakwenda.

Jirani akawarusha kware, bunduki ikalia, mmoja akaanguka. Nikapuliza filimbi. Jike akaenda, akamleta kware bila kumng'ata, akauweka mzigo wake juu ya kiatu changu.

"Masika tutamtafutia dume," jirani alisema, na safari hii alinitazama usoni.

Nilisema alhamdulillahi, nikamtazama jike. Hilo halikumshughulisha. Nikainama, nikampapasa kichwa kwa mkono mtupu, akaniramba mpaka kwenye kiwiko, kisha nikaenda nyumbani kwenye ndoo yangu.