Bastola yangu ya Dubai ambayo sikuwahi kulala nayo nyumba moja

Wakuu, poleni na majukumu.

Leo nimefunga garage mapema, nimekaa na chai yangu, nikasema ngoja niwape stori ambayo mke wangu ameshachoka kuisikia. Ni kweli tupu. Atakayebisha abishe, ila mimi nilikuwepo na yeye hakuwepo.

Kwanza mnijue. Shule niliachia darasa la nne, Kahama. Lakini gearbox ya Land Cruiser naifungua nimefumba macho, na nikiirudisha haibaki nati hata moja mezani.

Mafundi wenye vyeti wanabakiza tatu. Nawajua.

Basi, 2006 hivi, nipo Dubai, fundi mkuu kwenye garage ya mtu pale Satwa. Nikataka ya kwangu. Shida ni kwamba miaka ile mgeni hufungui garage mpaka mwenyeji aweke jina lake kwenye leseni. Huna mwenyeji, utakuwa kibarua mpaka mvi.

Mwenyeji nilishampata. Tumwite Bu Hamad. Alikuwa mteja wangu, magari yake ya jangwani hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuyagusa. Akaniambia, "Ijumaa njoo shambani kwangu. Tule, halafu tuongee hiyo karatasi yako."

Wakuu, nilinunua shati jipya. Karatasi ya maombi ya leseni nikaikunja vizuri, nikaiweka mfuko wa kifuani. Aliyekuja kunichukua ni dereva wake, Ami Haji, mzee wa Kizanzibari aliyekaa Uarabuni mpaka ndoto anaota kwa Kiarabu.

Njiani akaniambia, "Kula, cheka, maneno punguza."

Angenijua asingesema hivyo.

Tukala. Mbuzi mzima juu ya wali, tumekaa chini, Bu Hamad na binamu zake watatu. Baada ya kunawa, Bu Hamad akaleta kiboksi. Ndani kuna kabastola kadogo, kanaingia kiganjani, mitutu miwili mmoja juu ya mwingine. Derringer. Rafiki yake alimletea kutoka safari, kibali anacho, na alikuwa akikaonyesha kila mgeni.

Sasa mimi ni mtu wa vyuma. Nilikashika tu nikajua kametengenezwa na mtu mwenye haraka. Rangi inabanduka. Mitutu inacheza kama jino la mtoto. Kifyatulio kigumu mpaka uvute kwa vidole viwili. Mpini wa plastiki umepasuka, umegandishwa na gundi.

Lakini nina karatasi mfukoni, nitasema hivyo?

Nikakasifia. Na mimi nikisifia kitu sisifii nusu. Nikasema hiki ni chuma cha wanaume, kazi safi, sijawahi kuona, mwenye hiki halali na wasiwasi.

Bu Hamad akatabasamu. "Kimekupendeza? Chukua. Ni chako."

Hapa ndipo nilipoharibu.

Kwetu mkubwa akikupa kitu kwa mkono wake, ukikataa umemtukana. Ndivyo nilivyolelewa. Nikapokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo. "Shukran, arbab," yaani bosi, "Mungu akuzidishie." Nikakatumbukiza mfuko wa suruali.

Binamu mmoja akabaki na tende mdomoni, hatafuni.

Ami Haji akaja kama ananimiminia kahawa, akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Wee mwana, ndo umepokea?"

"Amenipa."

"Ile heshima tu. Ukisifu kitu cha mtu, lazima akwambie chukua. Nawe lazima ukatae. Akisisitiza, ukatae tena. Yakaisha hapo, mukanywa kahawa."

"Basi nimrudishie."

"Umrudishie mbele ya nduguze, uwaambie neno lake si neno? Na ukitoka nacho nje ya lango hili, askari akakukuta nacho, wewe jela, na yeye mwenye kibali anakufuata."

Wakuu, jasho lilinitoka na AC ilikuwa inaunguruma. Mfuko huu karatasi ya maisha yangu, mfuko huu kifungo. Bu Hamad naye namuona anageuza kikombe tu, hanywi.

Nikaamua ninunue muda. Nikasema, "Arbab, mali yangu naomba niijaribu kwanza."

Wakacheka, tukatoka nje. Wakaweka tikiti maji juu ya pipa, hatua tano tu. Hatua tano, wakuu, ningeweza kulipiga tikiti hilo kwa kiatu.

Nikavuta. Hakilii. Nikavuta kwa vidole viwili, meno nimeyauma.

Kikalia kama tairi la lori limepasuka. Kikaniruka mkononi, kikanichana hapa katikati ya kidole gumba na cha shahada. Alama ipo hadi leo. Tikiti limekaa salama, halina habari. Hakuna aliyeona risasi imeenda wapi. Binamu mmoja alishalala chini.

"Yalla, ya pili," Bu Hamad akasema, anafuta machozi ya kicheko.

Ya pili ikachimba mchanga mbele ya miguu yangu mwenyewe, na skrubu inayoshika mitutu ikachomoka ikapotea. Bastola ikafunguka kama mdomo wa mamba.

Tukapiga magoti wote kutafuta skrubu. Binamu watatu, Ami Haji na balaghashia yake, na Bu Hamad mwenyewe na kanzu nyeupe peee, anachekecha mchanga kwa vidole.

Niliyeiona ni mimi, nani mwingine. Nikaikaza palepale kwa ncha ya kisu, mbele ya macho yao, kwa kidole kinachovuja damu.

Na mkono ukiwa kwenye skrubu ndipo akili ilikuja. Mimi akili yangu inakaa mikononi. Nikamuuliza, "Arbab, gari lako likikaa garage kwangu mwezi mzima, ni la nani?"

"Langu."

"Funguo ninazo mimi."

"Hata ukiwa nazo. Langu."

"Basi na bastola yangu ikae kwako. Mimi sina pa kuiweka. Iwe amana mikononi mwako."

Amana kwao si neno la mchezo. Bu Hamad akacheka mpaka kilemba kikakaa upande, akaipokea kwa mikono miwili, kama nilivyopokea mimi. "Khalas. Amana."

Akageuka kwa binamu zake. "Mtu anayejua kutunza heshima ya mwenzake, nitaogopa kumpa jina langu?" Akanigeukia. "Lete karatasi."

Akasaini juu ya boneti ya gari. Damu yangu kidogo iliingia kwenye kona ya karatasi. Ofisini waliipokea hivyohivyo.

Garage ilifunguka, nikaajiri mafundi sita, wawili wana diploma.

Na Bu Hamad hakusahau, wakuu. Kila akipata mgeni shambani, simu inalia, mimi nipo chini ya gari. "Fundi, nina mgeni anataka kupiga bastola yako. Unaruhusu?"

Najifuta grisi taratibu, nafikiri kidogo, halafu nasema, "Mpe, ila asogee karibu na tikiti."

Nimepata mengi maishani, lakini tajiri wa Dubai kumwomba ruhusa mtoto wa Kahama wa darasa la nne, hilo halinunuliki.

Funzo: ukienda kwa watu, uliza kwanza kwao ndiyo inasemwaje na hapana inasemwaje. Na silaha ugenini usiiguse bila mwenye kibali kusimama pembeni yako. Mimi nilipona kwa akili nyingi na Ami Haji kidogo.

Haya, nani mwingine alishapokea zawadi akaona nyuso zinabadilika? Tiririkeni, chai bado ipo.