Ndiyo ya Bi Dobrinka

Hata mbele ya wakaguzi wa Kijerumani waliokuja kiwanda cha kushona cha Plovdiv, Bulgaria, alikofanya kazi, Bi Dobrinka hakuacha kusema ndiyo kwa kutikisa kichwa kulia na kushoto, na hapana kwa kukiinua na kukishusha, kama walivyofanya wazazi wake na Wabulgaria wote. Wenzake walijifunza kugeuza ishara hizo mbele ya wageni. Yeye aliwacheka. "Shingo yangu haina pasipoti," alisema.

Ukaja ugonjwa wa misuli. Ulichukua mikono, ukachukua sauti, ukaifikia shingo, hata mtikisiko uliobaki jicho la mtu halikuweza kuuona. Ralitsa, bintiye wa pekee, alibuni kurasa za skrini katika kampuni ndogo iliyotengeneza programu kwa wagonjwa wa namna hiyo: kidude hubandikwa kwenye paji la uso, huhisi kichwa, na tableti husema ndiyo au hapana. Akamletea.

Daktari alitaka jibu moja tu. Ralitsa akauliza: "Mama, pumzi ikigoma, utobolewe koo uwekewe mashine?"

"Ndiyo," tableti ikasema.

Ralitsa akalia kwa furaha. Akafungua chupa ya boza, kinywaji ambacho mama yake hakuwahi kukikataa. "Nikuonjeshe, mama?"

"Hapana."

Ralitsa akaiweka chupa chini. "Mama, mimi ni mwanao?"

"Hapana."

Programu ilikuwa inasoma kichwa kwa desturi ya kigeni, kuinua na kushusha ikaita ndiyo. Kazini waliijaribu wote, Wabulgaria watupu, na kila aliyekaa mbele ya mashine shingo yake ilijigeuza yenyewe, kama mbele ya mgeni. Hakuna aliyeshtuka. Swichi ya kugeuza ilikuwepo, kwenye ukurasa wa mwisho wa mipangilio, mahali ambapo mgonjwa hangeweza kufika mwenyewe. Ralitsa alitaka kuiwasha yeye, lakini daktari alikataa. "Siwezi kupokea jibu ulilogeuza wewe, binti. Achague mwenyewe."

"Ukurasa wa mipangilio ubadilike," Ralitsa akamwambia Momchil, mkuu wake.

"Dada, wateja wanakuja wiki hii! Swichi si ipo?"

"Ipo kaburini."

"Na aliyeizika nani?"

"Mimi."

Akaanza kufuta. Rangi, lugha, sauti, vyote akavisukuma chini, juu akabakisha swali moja lenye herufi kubwa: *Tuonyeshe unavyosema ndiyo.* Kila alichokifuta kilimwuma, kwa maana ukurasa ukiwa rahisi, mama angesikika, na alishajua atasema nini. Siku moja aliufuta wote, akajifungia chooni akiwa amejiziba mdomo. Momchil akagonga mlango.

"Ralitsa? Basi usiumalize. Nani atajua?"

"Yeye."

Akaumaliza. Shingo ya mama ilikuwa karibu kuisha nguvu. Ukurasa uliuliza, Bi Dobrinka akaonyesha, na daktari, aliyesimama miguuni pa kitanda, akarudia swali la koo.

"Hapana."

"Tukuache uende kwa amani?"

"Ndiyo."

Ralitsa akapiga magoti, akashika chuma cha kitanda. "Mama, nakuomba. Fikiria tena. Nitakulaza kwangu, nitaacha kazi, mama, nakuomba."

Tableti ikaanza kupitisha herufi moja moja, na Bi Dobrinka akawa anazichagua, polepole sana, akipumzika katikati. Daktari aligeukia dirishani. Ilipokamilika, sauti ya bati ikasoma maneno ya mwisho aliyomwambia binti yake:

"Nikune pua. Halafu nenda ukale."