Sukari ya Bosi wa Helikopta

Nyie vijana mtakaosoma hii, mkisikia binti yangu alifukuzwa kazi kwa ukaidi, msibishe. Ukaidi ule nilimfunza mimi, na sijutii. Leo anatengeneza bodaboda kwenye banda letu la mabati, oili hadi viwiko, na nikimwona nashiba.

Alikuwa fundi wa helikopta ya kukodi iliyokuwa ikilala hapa uwanja wa ndege Mpanda. Kile kifaa kinachoipimia injini mafuta kilipelekwa mbali kufanyiwa ovaholi, yaani kufunguliwa na kukarabatiwa chote, kikarudi kinang'aa, na cheti juu. Wakakifunga. Walipowasha pale chini, mngurumo wa injini ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, na rubani hajagusa kitu. Binti yangu akakataa kusaini kwamba ni salama kuruka.

Kesho yake bosi wake akaja kwangu Misunkumilo na mfuko wa sukari na kitenge kipya.

"Shikamoo mama. Naomba uongee na mwanao asaini. Wateja wanasubiri."

"Marahaba. Helikopta imepona?"

"Cheti kinasema nzima, mama."

"Cheti mimi sisomi. Nimekuuliza injini."

Akacheka. "Mama, haya ni ya kitaalamu. Wewe unajua mahindi."

"Na mashine ya kuyasaga naijua."

Nikamsimulia. Marehemu mume wangu alikuwa na mashine ya kusaga kule Inyonga. Pampu yake ya mafuta ilirudi kutoka kwa mafundi imepakwa rangi, ungesema mpya. Siku hiyohiyo injini ikashika mbio, ikagoma kuzimika, mkanda ukakatika ukamvunja mkono.

"Na yeye alikuwa amesimama ardhini," nikamwambia. "Huko juu, baba, mtu atakimbilia wapi?"

Kicheko kikamwisha. "Asiposaini leo, kazi hana."

Binti yangu alikuwa mlangoni pa jiko, anasikia yote. Mshahara wake ndio uliokuwa unatulisha. Nikamgeukia. "Wewe unasemaje?"

"Sisaini, mama."

"Umesikia," nikamwambia mgeni. "Mlango ni huohuo ulioingilia."

Akaondoka, sukari na kitenge kaviacha kwenye kiti makusudi. Wajukuu wakakodolea macho ule mfuko. Ndani hatukuwa na sukari hata ya kulamba.

Nikawaamuru: "Mkimbizieni hivyo vitu vyake kabla gari lake halijawaka. Uji leo tunatia chumvi, na asinung'unike mtu."