Nilishuhudia Kupona Kabla ya Kupona

Bandugu na bamama, mukiitika amen, munyooshe mikono juu, mi niione. Masikio yangu haisikie kitu. Na yule mwenye kusinzia pale nyuma namuona, macho yangu sasa iko na kazi mbili.

Bengi munanijua. Mi ni Mama Neema, fundi wa kushona, wa Uvira. Vita ya kwanza ilitutoa kwetu, tukapita Tanzania, tukafika hapa Malawi, kambi ya Dzaleka, na cherehani moja tu, bwana yangu aliibeba kichwani. Nilikuwaka naongoza korali. Sauti yangu ilisikika mpaka kwenye pompi ya maji, na nilijivuna nayo, sifiche. Pale pompi tulikuwa tunakuta Jacqueline, dada wa Burundi aliyezaliwa kiziwi. Tulimwita "bubu", tukicheka vile anachezesha mikono. Mungu anisamehe.

Ugonjwa ilianza wakati vita ya pili inawaka kule kwetu. Kila siku bantu bapya banafika, na mi nabazunguka nikiuliza habari ya mama yangu. Asubuhi moja kichwa ikaniuma kama inataka kupasuka. Kesho yake shingo ikakauka, siwezi kuinama nione miguu yangu. Nikatapika mpaka nyongo. Bakanipeleka Lilongwe, nikijichafua njiani kama mutoto. Munganga akanichoma sindano ya mgongo, akachota maji, akasema ni meninjite, homa ya uti wa mgongo. Siku nyingi sikujijua. Nilipofungua macho, Baba Neema alikuwa anafungua mdomo na kuufunga. Nikamwambia, "Sema kwa nguvu!" Akaanza kulia.

Nilifikiri kiziwi anakaa kwa utulivu. Wapi! Ndani ya kichwa kelele ikaanza: filimbi, halafu korali yangu inaimba kipande kimoja bila kumaliza, halafu masasi, zile risasi za vita ya Uvira. Sikutulia. Nashona, naacha. Nakaa, nasimama. Napanda kabaza mpaka Lumbadzi bila safari yoyote, nikifika nashuka kwenye baiskeli, napanda ingine, narudi. Niliogopa sana. Nilijua ni wazimu, ama pepo.

Sasa, sisi bantu ba maombi munajua kawaida yetu: unashuhudia kwanza kwa imani, uponyaji inakuja nyuma. Balifunga na mi siku tatu katika chumba cha maombi. Jumapili mchungaji akaniandikia kwenye karatasi, "Shuhudia." Nikasimama hapa hapa, nikasema, "Nasikia!" Nikaona midomo yenu yote imefunguka, mikono inapiga makofi.

Basi nikajifunga mwenyewe. Nikirudi hospitali, nimemkana Mungu. Nikimwambia bwana yangu kweli, nimemkana Mungu. Nikawa nasoma midomo ya bantu, nacheka bakicheka, naitika ovyo. Siku moja jirani yangu alinipasha kwamba kaka yake amekufa, mi nikasema, "Asante Yesu!" Alikaa wiki mbili bila kunisalimia.

Halafu ikafika siku ya Neema. Alikuwa hajafika miaka mitatu. Nilikuwa kwenye cherehani, uso ukutani, mgongo mlangoni, na sufuria ya uji jikoni nyuma yangu. Jirani yule yule akaingia mbio, akanivuta bega. Mdomo wake nilisoma vizuri: "Mutoto anaungua na we unashona?" Nikageuka. Neema alikuwa chini, ngozi ya mkono imetoka, mdomo wazi, machozi imekauka. Alikuwa ananiita tangu kitambo. Bandugu, mutoto wangu aliniita, na mi niko hatua tatu.

Lilongwe munganga alimfunga Neema bandeji, kichwa chini, akiniuliza maswali, sijibu. Akaenda nyuma yangu, akagonga sahani ya chuma. Neema akashtuka. Mi sikugeuka. Baba Neema akaniangalia, akasema polepole, "Mama Neema, si ulisema unasikia?"

Nikamjibu, "Nilidanganya."

Hakunigombeza. Aliomba karatasi, akaandika yote munganga alisema. Iko hapa ndani ya Biblia yangu: "Masikio imekufa, haitarudi. Ubongo haikufa. Ile sehemu yenye ilikuwa inasikia, ikikosa kazi, inatengeneza kelele yake yenyewe. Si pepo. Na haikai bure, kidogo kidogo inaanza kusaidia macho. Mutu aliyezaliwa kiziwi, sehemu ya ubongo yenye inashika maneno inashika mikono vilevile. Ile ndo lugha yake." Chini kabisa munganga aliuliza: "Kule kambini hakuna kiziwi wa kukufundisha?"

Haya ilinishika mpaka nikatoka jasho.

Nilimukuta Jacqueline pompini na ndoo yake. Nikagusa sikio langu, nikatikisa kichwa. Angeweza kunicheka, ilikuwa haki yake. Akaweka ndoo chini, akanishika mikono, akaipanga. Ishara ya kwanza alinipa ni "mutoto". Na Neema vilevile, Jacqueline akamfundisha: usilie nyuma ya mama, piga mguu chini, udongo itamwambia. Na cherehani nikaigeuza, sasa inaangalia mlango.

Kelele haikuisha, hata sasa iko. Lakini nikisema kwa mikono inapungua, na mutu akija pembeni namuona kabla hajafika.

We mama mwenye mutoto asiyesikia, zikomo, samahani, nakuomba: omba, lakini usimfungie ukingojea masikio. Ubongo yake inangojea maneno leo. Umpe kwa macho. Na kwenda kwa munganga si kumkana Mungu. Mchungaji, usinikasirikie.

Mara ya kwanza nilisimama hapa nikasema nasikia, na mutoto wangu akaungua. Leo nasema: sisikie, na nimepona. Neema iko pale benchi ya mbele, na kovu yake. Muone, anapiga mguu chini. Ananiita.

Nakuja, mama.